Siku 211 bila busu: nani alikanyaga breki?

Leo hakuna stori za maji kukatika hosteli wala za bumu kuchelewa, hizo mnazijua kuliko mimi. Leo nataka tuongee historia, tena ile ambayo haimo kwenye kozi zetu: historia ya vijana wawili wa kiume kwenye tamthilia moja ya Marekani, Luke Snyder na Noah Mayer, ambao mapenzi yao yalipikwa kwa moto mdogo sana mpaka watazamaji wakaanza kushuku kwamba kuna mtu kazima jiko.

Najua kuna watakaoniuliza kesho pale kimbwetani, "We mtu wa historia, umekosa Maji Maji umeenda kuokota mambo hayo?" Swali zuri, na jibu langu ni fupi. Mwaka wa kwanza tulifundishwa kwamba ushahidi wa historia si kile kilichoandikwa tu, hata kilichoachwa kuandikwa nacho ni ushahidi. Sasa hapa kuna kitu kilichoachwa kuonyeshwa, kwa siku zinazohesabika, na wenye mamlaka ya kukiacha tunawajua kwa majina. Mwanahistoria gani ataipita hiyo?

Halafu jambo lenyewe haliko mbali na sisi kama linavyoonekana. Hapa kwetu mapenzi ya wanaume wawili ni kosa kwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, sheria tuliyoachiwa na Mwingereza. Kwa hiyo wapo watu tunaopanda nao daladala moja, tunaokaa nao semina moja, ambao kazi yao ya kila siku ni kuhakikisha hawaonekani. Nani anaruhusiwa kuonekana akipenda, na nani anaambiwa asubiri kwanza... hilo ndilo swali langu leo.

TUANZE NA SABUNI

Tamthilia yenyewe inaitwa As the World Turns. Ilianza kurushwa na CBS tarehe 2 Aprili 1956 na ikaisha tarehe 17 Septemba 2010. Miaka 54 jamani! Ilikuwa inaonyeshwa mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, na ilivuka vipindi 13,000. Ndiyo iliyokuwa hewani mchana wa tarehe 22 Novemba 1963, CBS walipoikatiza ili kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi.

Aliyeianzisha ni mama mmoja anaitwa Irna Phillips, ambaye alikuwa ameshajenga jina kwenye michezo ya redio tangu miaka ya 1930. Kabla yake tamthilia za mchana kwenye televisheni zilikuwa za dakika 15. Yeye akataka nusu saa, na ule muda wa nyongeza hakuutumia kuongeza vituko, aliutumia kupunguza mwendo. Watu wanakaa jikoni wanakunywa kahawa, wanazungumza, wanaangaliana, wananyamaza. Kwa hiyo mwendo wa kobe ulikuwa kwenye damu ya tamthilia hii tangu siku ya kwanza. Nalisema hili mapema ili asije mtu akaniambia Luke na Noah walicheleweshwa kwa sababu tamthilia nzima ilikuwa ya polepole. Ilikuwa ya polepole kweli. Tutaona kama hiyo inatosha kuwa sababu.

Sasa kwa nini Wamarekani huziita tamthilia za aina hii "opera za sabuni"? Kwa sababu tangu enzi za redio walioziweka mjini ni wenye viwanda vya sabuni. Hesabu yao ilikuwa rahisi: mama yuko nyumbani mchana, anafua na kupika, mpe stori isiyoisha, na katikati ya stori mtangazie sabuni. Na kampuni ya Procter & Gamble haikuwa mfadhili wa As the World Turns tu, tamthilia ilikuwa mali yake. Hao ndio wenye Tide, Ariel na Pampers, hiyo Pampers ambayo mitaani kwetu imegeuka jina la kila nepi. Likumbukeni hili. Aliyeshika hatima ya Luke na Noah hakuwa mwandishi aliyekaa chumbani kwake na kalamu. Ilikuwa kampuni yenye bidhaa za kuuza kwa kila kaya, ya mlokole na ya mpagani, ya mwenye huruma na ya mwenye hasira.

OAKDALE, MWAKA 2007

Stori inatokea Oakdale, mji wa kutunga ndani ya jimbo la Illinois. Mwaka 1988 tamthilia hii ilishawahi kumleta Hank Elliot, mbunifu wa mavazi, anayehesabiwa kuwa mwanaume wa kwanza shoga kwenye tamthilia za mchana za Marekani. Alipita, akaondoka, na ikachukua karibu miaka 20 kabla ya hadithi nyingine nzito ya namna hiyo.

Luke hakuletwa kama mgeni. Hapo ndipo waandishi walipofanya akili. Luke alilelewa na Holden na Lily, wapenzi ambao watazamaji waliwafuata tangu miaka ya 1980, wakawaona wakipendana, wakiachana, wakirudiana. Kwa watazamaji wa muda mrefu Luke alikuwa kama mtoto wa jirani. Mwigizaji Van Hansis alianza kumwigiza mwishoni mwa 2005, na mwaka 2006 Luke akawaambia wazazi wake ukweli kwamba anapenda wanaume. Mama yake alipata taabu kulimeza. Na watazamaji ilibidi walimeze pamoja naye, polepole, siku tano kwa wiki.

Noah akaja katikati ya 2007, akiigizwa na Jake Silbermann. Wote wawili walikuwa wanafanya mafunzo ya kazi kwenye kituo cha televisheni cha hapo mjini, mnaojua habari za field mnaelewa vile unavyolazimika kukaa na mtu usiyemchagua. Noah ni mtoto wa kanali wa jeshi. Ana mpenzi wa kike, Maddie. Amenyooka kama rula. Mwanzoni hana hata muda na Luke. Lakini kadiri siku zinavyokwenda unaona anavyomwangalia Luke halafu anageuza macho haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Mtazamaji anajua kabla Noah mwenyewe hajajua. Hii ndiyo raha ya mapenzi ya moto mdogo wadau, kwamba wewe uliyekaa kwenye kochi umeshafika na wahusika bado wako njiani.

Tarehe 17 Agosti 2007 wakabusiana. Busu hilo linatajwa kuwa la kwanza la wanaume wawili kwenye tamthilia za mchana za Marekani. Mashabiki walikata vile vipande vya Luke na Noah peke yao wakavipandisha YouTube, na watu wa nchi ambazo hazikuwahi kurusha tamthilia hii wakaanza kuifuatilia kwa mtindo huo, dakika tano tano. YouTube yenyewe ilikuwa na miaka miwili tu wakati huo.

Halafu likaja balaa la baba. Kanali Mayer hakuwa mtu wa kumwona mwanawe hivyo na kukaa kimya, na Luke akaishia kupigwa risasi. Luke akakaa kwenye kiti cha magurudumu kwa muda. Mwezi Septemba mwaka huo walibusiana tena. Na hapo ndipo habari yetu inapoanza hasa.

MASHABIKI WALIOHESABU

Baada ya hilo la Septemba, kimya. Oktoba inapita, Novemba inapita. Luke na Noah ni wapenzi, kila mtu Oakdale anajua, wanaambiana wanapendana. Lakini wanakumbatiana kama watu wa ukoo mmoja waliokutana stendi ya mkoa. Wakati huohuo wapenzi wengine wa tamthilia hiyohiyo, mwanaume na mwanamke, wanalana denda mchana kweupe na kuamka kitanda kimoja. Kwa hiyo ule utetezi kwamba tamthilia yenyewe ni ya mwendo wa kobe unaanguka hapa. Mwandishi anaweza kuamua kobe atembee polepole. Lakini kwenye uwanja mmoja, ukimfunga kobe mmoja mguu na wengine ukawaacha, huo si mwendo tena.

Ikaja Krismasi ya 2007. Wamarekani wana desturi ya kutundika kitawi fulani cha majani mabichi juu ya mlango au ukumbini, na watu wawili wakijikuta chini yake wanatakiwa wabusiane. Luke na Noah wakasimama chini ya kitawi hicho. Wakasogeleana. Na kamera... ikapanda juu kuonyesha majani!

Mimi nimeiangalia ile sehemu mara nyingi kuliko ninavyopitia madesa yangu. Ukiiangalia kama shabiki unacheka au unakasirika. Ukiiangalia kama mwanahistoria unaona hati. Ile kamera haikupanda yenyewe. Mtu alikaa akapanga: wasogee, tusionyeshe, tuonyeshe majani. Hakukuwa na tangazo hadharani la kusema marufuku. Lakini palipokosekana barua, mwendo wa kamera ndio barua yetu.

Mashabiki wakaanza kuhesabu siku. Kuhesabu kweli, kwenye tovuti zao, siku ya 90, siku ya 120, siku ya 150. Hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi kwenye kisa hiki. Hawakuandika matusi tu, waliweka kumbukumbu. Ukimlalamikia mwenye nguvu kwamba "mnatubania", atakujibu kwamba unahisi vibaya tu, stori inakwenda kwa mwendo wake. Ukimwambia "leo ni siku ya 150, na katika siku hizo hawa wengine wamebusiana mara kadhaa", inabidi ajibu hesabu. Magazeti yakalichukua suala hilo kwa sababu lilikuwa na namba.

Huku kwenye tamthilia, waandishi wakaongeza kizingiti kingine: Noah akafunga ndoa na Ameera, msichana kutoka Iraq, ili asifukuzwe nchini. Ndoa ya makaratasi. Nia njema, roho nzuri, lakini angalieni matokeo yake: wapenzi wetu wamepata sababu nyingine ya kukaa mbalimbali, na safari hii sababu iko ndani ya stori kabisa.

Tarehe 23 Aprili 2008, baada ya siku 211, wakabusiana tena. Na kama ilivyotarajiwa, kikundi cha kidini cha American Family Association kikawataka wafuasi wake wawapigie simu Procter & Gamble kulalamika. Wanaowaunga mkono Luke na Noah nao wakapiga simu. Nimtendee haki mwenye sabuni: hakuwaondoa. Stori ikaendelea, na Januari 2009 Luke na Noah walilala pamoja kwa mara ya kwanza, kwa staha, kamera ikiwaachia faragha yao. Dunia haikuanguka. Sabuni zikaendelea kununuliwa.

MOYO WA DAKTARI

Mngedhani hapo ndipo mwisho mwema. Bado. Baadaye Noah akapata ajali akapofuka, na Luke akamleta Oakdale daktari bingwa wa upasuaji, Reid Oliver, mtu mwenye maneno makali kama pilipili kichaa. Noah akaona tena, lakini yeye na Luke walishapoteana, na Luke akaanza kumpenda daktari. Haya mapenzi nayo yakawashwa kwa moto mdogo, na safari hii yalikuwa matamu kweli kwa sababu ucheleweshaji ulitoka kwa Luke mwenyewe, aliyekuwa ameumia na hakutaka kuharakisha. Wakakubaliana wasubiri.

Wakati huo CBS walishatangaza, Desemba 2009, kwamba tamthilia inafutwa. Zikabaki wiki chache. Na waandishi wakamuua Reid. Gari lake liligongwa na treni akiwa njiani kufuatilia moyo wa kumwokoa mgonjwa, Chris Hughes, ambaye walikuwa wanagombea cheo kimoja hospitali. Moyo wa Reid mwenyewe ndio ukawekwa kifuani kwa Chris. Luke anamaliza miaka yake ya tamthilia akisikiliza kifua cha mwanaume mwingine ili asikie mapigo ya yule aliyeahidiana naye kusubiri.

Ni tukio zuri sana kama tukio, waigizaji wamelitendea haki, na nawaambieni ukweli linaumiza. Lakini liweke kwenye mstari wa historia uone. Wa kwanza alisubirishwa siku 211. Wa pili alisubiri kwa hiari yake na akafa kabla. Watazamaji vijana waliokuwa wanajitafuta wenyewe kwenye kioo kile walipata somo moja mara mbili: kwa watu kama ninyi, subira haina mwisho mzuri. Hicho ndicho kinachonifanya niseme jambo hili si la mchezo.

WALIOSUBIRISHWA KWINGINE

Oakdale haikuwa peke yake. Uingereza, tamthilia ya BBC ya EastEnders ilimleta Colin, aliyeigizwa na Michael Cashman, mwaka 1986. Mwaka 1987 Colin akambusu mpenzi wake Barry kwenye paji la uso, paji la uso tu, na magazeti yakawaka moto. Ilipofika Januari 1989 ndipo Colin na Guido wakabusiana mdomoni. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 1988, serikali ya Thatcher ilipitisha sheria ya kuzuia halmashauri "kuendeleza" ushoga, maarufu kwa jina la kifungu cha 28. Kwa hiyo lile busu halikuchelewa kwa bahati mbaya, lilikuwa linatembea kwenye upepo wa mbele.

Brazil ndiyo kali zaidi. Mwaka 2005 telenovela ya América ya kituo cha Globo ilijenga kwa miezi mapenzi ya Júnior na Zeca. Busu lao lilirekodiwa kwa ajili ya kipindi cha mwisho, nchi nzima ikakaa kulisubiri, halikurushwa! Globo ilikuja kuonyesha busu la wanaume wawili kwenye telenovela zake za usiku tarehe 31 Januari 2014, kipindi cha mwisho cha Amor à Vida, kati ya Félix na Niko.

Na China huko mambo yamekwenda njia nyingine kabisa. Mwaka 2016 tamthilia ya mtandaoni ya Addicted, ya vijana wawili wa shule, iliondolewa kabla ya vipindi vitatu vya mwisho. Mwaka 2019 ikaja The Untamed, vipindi 50, kutoka kwenye riwaya ambayo ndani yake Wei Wuxian na Lan Wangji ni wapenzi waziwazi. Kwenye tamthilia hakuna busu hata moja. Kuna macho, kuna mvinyo, kuna wimbo ambao wawili hao tu ndio wanaoujua. Waandishi walijua breki iko wapi wakaendesha gari zima kwa gia ya kwanza, na watazamaji wakajifunza kusoma kila kitu kwenye ukingo wa jicho. Ni ufundi wa hali ya juu, sikatai. Ila ni ufundi wa mtu anayeongea mbele ya mlinzi.

POLEPOLE YENYE RUHUSA

Sasa msinielewe vibaya, mimi napenda polepole. Sisi watu wa huku polepole tunaijua. Babu zetu walituma mshenga, posa ikajibiwa kwa kuzungushwa, barua ya mahari ikaenda na kurudi, na bibi hakuonekana akitabasamu mpaka mambo yaive. Lakini ile ilikuwa polepole yenye ukomo. Kila mtu kijijini alijua kuna harusi mbele, na kungoja kwenyewe kulikuwa sehemu ya sherehe.

Polepole ya namna hiyo imeanza kuwafikia na vijana hawa. Norway mwaka 2016, msimu wa tatu wa Skam ulimfuata Isak anayempenda Even. Vipande viliwekwa mtandaoni kwa saa ileile tukio linapotokea, kiasi kwamba Isak asipopata ujumbe wa Even na wewe unakaa siku nzima bila kitu. Mwaka 2022 Netflix wakatoa Heartstopper, kutoka vitabu vya michoro vya Alice Oseman. Nick na Charlie wanakaa dawati moja, Nick ni mchezaji wa raga, wanasogezeana mikono kwa woga mtupu, na busu la kwanza linakuja kipindi cha tatu kati ya vinane. Kinachowachelewesha ni Nick ambaye hajajijua na Charlie anayeogopa kuumizwa tena. Hakuna sabuni katikati.

Kwa hiyo mdau, ukikutana na mapenzi ya moto mdogo kwenye tamthilia yoyote, jiulize swali moja: ni nani anayesubiri, na ni nani anayesubirisha? Kama anayesubirisha ni moyo wa mhusika mwenyewe, kaa chini ufaidi. Kama ni mtu aliye nje ya stori mwenye kitu cha kuuza au cheo cha kulinda, basi fanya walichofanya wale mashabiki wa Luke na Noah: chukua karatasi, andika tarehe, anza kuhesabu. Wahenga walisema subira yavuta heri. Hawakusema mtu mwingine akusubirishe halafu heri aichukue yeye.

Nawasilisha. Ijumaa tuna presentesheni ya historia ya uchumi, niombeeni.